Bibi Mwalimu Anajibu: "Kila Mtu Anajua Kiingereza, Kifaransa cha Nini?"

Mwezi huu barua tatu zimeingia zikiwa na jambo moja, nami nimeona niziweke pamoja. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nimefundisha Kifaransa miaka 19 katika shule ya sekondari kaskazini mwa England, na Kiswahili cha jioni kwa watu wazima miaka saba. Naam, Mswahili akiwafundisha Waingereza Kifaransa. Watoto walikuwa wakicheka, nami nacheka nao, halafu nawaambia wafungue daftari.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Naishi Leicester na binti yangu wa miaka 13. Yuko mwaka wa tisa, na shule imemletea fomu ya kuchagua masomo ya GCSE, ile mitihani ya miaka 16. Kifaransa amekiacha. Nilipomuuliza sababu alinijibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Mama, kila mtu anajua Kiingereza, sasa Kifaransa cha nini?" Baba yake yuko upande wake, anasema bora asome kompyuta. Rafiki zake Waingereza karibu wote wameacha lugha. Kiswahili anakielewa vizuri ila hakitamki. Je, nimlazimishe? Na hao Waingereza wenyewe, kuna haja gani ya kuwashurutisha watoto wao lugha za watu ilhali dunia nzima inahangaika kujifunza ya kwao?
*Mama wa Leicester*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana hilo la fomu litajijibu njiani.

Binti yako hajasema upuuzi. Swali hilo nimeulizwa na watoto wasiohesabika, wengi wao Ijumaa mchana baada ya kula, wakati hata mimi nilikuwa natamani kwenda nyumbani. Na nakiri kwamba miaka ya mwanzo niliwadanganya. Niliwaambia watapata kazi. Niliwaambia watatembea dunia. Niliwaambia wataagiza mkate Paris kwa Kifaransa na watu watafurahi. Basi tukaenda Paris na shule, na mtoto mmoja mtundu, mwenye kipaji cha kuniumbua, akanijia na mkate mkononi: "Mwalimu, nimeagiza kwa Kifaransa kama ulivyotufundisha, yule mama akanijibu kwa Kiingereza." Wenzake wakaangua kicheko pale pale barabarani. Sikuwa na la kusema. Mkate waliula, na hoja yangu ikaliwa pamoja nao.

Kwa hiyo hizo sababu za kazi na safari sikupi. Si kwamba ni za uongo kabisa, bali mtoto wa miaka 13 anaziona ndani yake mpaka upande wa pili.

Sheria ya huko mliko, kama hukuijua, iko hivi. England lugha ya kigeni ni ya lazima tangu miaka 7 hadi 14. Ule mwanzo wa shule ya msingi uliingizwa Septemba 2014. Zamani ilikuwa lazima hadi miaka 16, ndipo mwaka 2004 serikali ikaifanya hiari baada ya miaka 14. Kabla ya hapo, karibu watoto watatu katika kila wanne walikuwa wakifanya mtihani wa lugha. Miaka michache baadaye wakawa chini ya nusu. Mimi sikuyasoma hayo gazetini. Darasa langu la mwaka wa kumi lilikuwa na watoto 28, likaja kuwa na 11. Kijerumani shuleni kwetu kilikufa kabisa, na mwalimu wake, mtu aliyeishi miaka minne Ujerumani, akapewa vipindi vya jiografia. (Wales, hapo jirani tu, watoto wote wanasoma Kiwelisi hadi miaka 16, wala sijasikia kuwa kimewapunguzia akili za hesabu.)

Watu husema Waingereza ni wavivu wa lugha, kwamba hawana ulimi. Siyakubali hayo hata kidogo. Kati ya 1951 na 1960 majeshi ya Uingereza yalichukua vijana wa kawaida waliokuwa jeshini kwa mujibu wa sheria, wapatao 5,000, yakawafundisha Kirusi. Kambi moja ilikuwa Bodmin, Cornwall, nyingine Crail, Scotland. Walimu wao walikuwa wakimbizi kutoka Urusi na nchi za jirani, wazee waliosoma mashairi huku wakifundisha vitenzi. Masomo yalikuwa asubuhi hadi jioni, mtihani kila baada ya muda mfupi, na aliyeshindwa alirudishwa kikosini kupiga kwata. Basi hakuna mtu aliyesema hana ulimi. Wengi wao walimaliza wakiweza kukaa mbele ya redio, kuwasikiliza marubani wa Kirusi na kuandika wanachokisikia. Waandishi Alan Bennett na Michael Frayn walipita kwenye mafunzo hayo.

Kinachomkosesha mtoto wa Kiingereza ni vitu viwili: saa na sababu.

Saa kwanza, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Mwaka wa shule huko una siku 190, yaani wiki 38. Shuleni kwetu lugha ilipata kama saa mbili kwa wiki. Hizo ni saa 76 kwa mwaka. Mwaka wa saba, wa nane na wa tisa ukizijumlisha unapata 228, na hapo sijatoa siku ya michezo, siku ya theluji, siku ya picha, wala siku niliyougua mimi wakawekewa filamu. Marekani wana taasisi inayowaandaa wanadiplomasia wao, Foreign Service Institute. Hao wanakadiria kwamba mtu mzima aliyezaliwa na Kiingereza anahitaji saa 552 hadi 690 za darasani ili afanye kazi yake kwa Kifaransa, na Kifaransa wamekiweka kwenye kundi la lugha nyepesi. Kwa hiyo mtoto anashushwa kwenye basi akiwa hajafika hata nusu ya njia, kisha watu wanashangaa mbona hajafika.

Sababu ndiyo ngumu. Mtoto wa Uswidi hana fomu ya kumsumbua kichwa juu ya lugha gani ajifunze kwanza. Kiingereza kilishamwingia kwa nyimbo, kwa michezo ya kompyuta, kwa filamu zisizowekewa sauti ya Kiswidi. Anakwenda darasani kunyoosha kitu alichokwisha kukiokota. Mtoto wa Kiingereza anaingia darasani kwangu, anasikia Kifaransa kwa saa moja, anatoka mlangoni na Kifaransa kinabaki ndani na mimi mpaka Alhamisi. Halafu, kwa haki kabisa, anauliza: kwa nini hiki na si kingine? Kihispania mwaka 2025 kilikipita Kifaransa kwa mara ya kwanza kwa idadi ya watahiniwa wa GCSE. Kichina kina watu wengi zaidi. Na sensa ya 2021 ilionyesha kuwa England na Wales, ukiacha Kiingereza na Kiwelisi, lugha kuu yenye watu wengi kuliko zote ni Kipolandi, watu wapatao 612,000. Sasa fikiria mtoto aliyekaa dawati moja na Mpolandi tangu chekechea, anafundishwa kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni cha Lyon. Nilipokuwa kazini sikuwa na jibu la hilo, na leo sina.

Sababu yangu mimi niliipata jioni moja ya kuonana na wazazi, na hata haikuwa kwenye meza yangu.

Meza ya kulia kwangu alikaa mwalimu kijana, msomi, mwenye maneno mazuri. Lugha ya kigeni aliiacha akiwa na miaka 14 kama binti yako anavyotaka. Mbele yake kulikuwa na mama wa Kipolandi na mwanawe. Yule mwalimu akamwambia mama, kwa kasi na kwa tabasamu, kwamba mtoto ni mzuri ila avute soksi zake juu. Kwa Kiingereza chao, maana yake ajikaze, ajitahidi zaidi. Yule mama akainama, akaangalia miguu ya mwanawe. Soksi zilikuwa sawasawa. Akainuka na uso wa mtu anayejua kuna jambo limempita lakini hajui ni lipi. Mwalimu akaona hakueleweka, akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi.

Mama na mwanawe wakasogea meza ya kushoto kwangu, kwa mwalimu wa michezo. Mtu wa miraba minne, Kiingereza chake cha mtaani, hakuna aliyemdhania msomi. Akamwambia yule mama: "Mwanao ana akili. Anakimbia vizuri sana. Lakini anasahau nguo za michezo. Jumanne na Alhamisi, nguo za michezo." Akanyamaza. Akangoja. Mama akatafuta maneno yake, akayapata taratibu, akauliza kama viatu vyeupe vinafaa. Akajibiwa vinafaa. Wakapeana mikono.

Baadaye tukinywa chai nikamuuliza kajifunzia wapi kuongea vile. Hakunielewa mwanzoni, maana hakujua kama kuna alichokifanya. Kisha akaniambia kwamba akiwa na miaka 15 alipelekwa Ujerumani kwa wiki mbili kukaa na familia, kwa Kijerumani chake alichokiita cha aibu. Siku ya kwanza alitaka chumvi mezani. Neno lilimtoka kichwani. Familia nzima ikamtazama ikiwa na hamu ya kumsaidia, na kila mmoja akaongea kwa kasi zaidi ya mwenzake. Akala viazi bila chumvi. Alifeli mtihani wa Kijerumani mwaka uliofuata, lakini kile chakula hakukisahau.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu, nikiwa nimeshaifanya kwa miaka minane. Binti yako anasema kila mtu anajua Kiingereza. Tufanye ni kweli. Lakini wanakijuaje? Wengi wa wanaozungumza Kiingereza duniani leo wamejifunza, hawakuzaliwa nacho. Kwa hiyo maisha yake yote, kazini, hospitalini alikolazwa, kwenye simu na fundi, atakuwa akizungumza Kiingereza na watu wanaotafuta maneno. Yeye ndiye mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ambaye hajawahi kulala ugenini hajui mgeni anaogopa kuuliza choo kiko wapi. Anarusha maneno ya mkato, anameza nusu ya neno, anachekea utani ambao mwenzake ameukosa, na asipoeleweka anaongeza sauti. Hana ubaya moyoni. Hajawahi kukaa upande ule wa meza, basi.

Ndiyo maana nasema watoto wa Kiingereza wasome lugha ya kigeni, na wasome kwa lazima hadi miaka 16, hata kama ni vibaya, hata kama wataisahau. Wenzangu walimu hunikasirikia nikisema "hata kama wataisahau". Wanaona naishusha thamani kazi yetu. Na wasinikasirikie, kwani wengi wanasahau kweli.

Jambo moja la haki lazima niliseme, kwa kuwa watoto hulinong'ona na wana haki. Mtihani wa lugha ulikuwa ukibana alama kuliko masomo mengine. Mwaka 2019 wasimamizi wa mitihani, Ofqual, walikubali hivyo wenyewe kwa Kifaransa na Kijerumani, wakataka alama zirekebishwe. Na mtaala mpya wa GCSE ulioanza kufundishwa Septemba 2024 una orodha ya maneno inayojulikana: 1,200 kwa ngazi ya chini, 1,700 kwa ngazi ya juu. Zamani mtoto aliingia mtihanini kama anayevuka mto usiku. Sasa angalau anajua mawe yako wapi. Mwambie binti yako hilo, huenda kilichomtisha ni hadithi za kaka za rafiki zake.

Sasa fomu. Usimlazimishe Kifaransa. Sheria haimlazimishi, na mtoto aliyeburutwa hujua namna ya kulipiza: anakaa nyuma na kuchora. Lakini usiiache ile hoja yake ipite kana kwamba imeshinda. Uliza shuleni kama wana Kihispania. Angalia pia ile fomu vizuri: masomo hupangwa kwa safu, unachagua moja kila safu, na mara nyingi lugha na kompyuta haziko safu moja, kwa hiyo huenda baba yake anapigana vita ambavyo havipo. Nenda ukaulize kabla ya tarehe ya kurudisha, maana ratiba zikishafungwa hata mkuu wa shule huwa mkali.

Na Kiswahili. Mama wee, mtoto anakielewa, unalalamika nini? Kazi kubwa imeshafanyika. Akikujibu kwa Kiingereza, jifanye hukusikia. Mara tatu kwa siku tu, usizidishe, atakuchoka. Kwenye GCSE wana Kipolandi, Kituruki, Kiurdu, Kigujarati, Kibengali; Kiswahili hakimo, kwa hiyo cheti cha huko hatakipata. Atapata nyanya yake kwenye simu.

Hujambo Mwalimu? Mimi ni Mmarekani kutoka Nebraska. Ninajifunza Kiswahili chuoni, huu ni mwaka wa pili. Nilipokuwa shule nilisoma Kihispania miaka minne, na leo ninakumbuka kuomba maji na kusema nina paka wawili. Sina paka. Ninaona aibu. Je, miaka ile minne ilipotea? Rafiki zangu wanasema shule za Marekani ziache kufundisha lugha, mtu ajifunze akiwa mkubwa kama anataka. Nimesoma vitabu nyingi kuhusu jambo hili lakini sijaamua. Tafadhali nisahihishe.
*Mwanafunzi wa Nebraska*

Sijambo, mwanangu. Vitabu *vingi*. Hilo moja tu nimeliona, mengine ni mazuri kuliko ya baadhi ya wanaonitukana humu kila mwezi.

Umenifurahisha ulipotaja Nebraska. Hujui kama unaandika kutoka mahali pa historia. Mwaka 1919, vita na Ujerumani vikiwa vimeisha juzi tu, jimbo lenu lilitunga sheria ya kukataza kumfundisha mtoto lugha yoyote ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, akakutwa akimsomesha mtoto wa miaka kumi kwa Kijerumani. Kitabu chenyewe kilikuwa cha hadithi za Biblia. Akatozwa faini ya dola 25. Angeweza kulipa yakaisha, lakini alikataa, na kesi yake ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 iliitengua ile sheria. Nikiwasikia watu wakisema kusoma lugha ni jambo dogo la hiari, huwa namkumbuka huyo mwalimu na dola zake 25.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, Wamarekani wakashtuka, na mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa iliyomwaga fedha kwenye sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Vyuo vikapata vituo vya kufundisha lugha ambazo awali hazikupewa nafasi, na Kiswahili kikaingia kwa mlango huo. Basi Kiswahili chako kina ujamaa na chuma kile kilichozunguka dunia kikilia bip-bip. Mimi hilo hunichekesha kila nikilifikiria: Mmarekani aliogopa Mrusi, akaishia kujifunza ngeli za Kiswahili.

Tuje kwenye miaka yako minne. Kwenye darasa langu la jioni nilikuwa na aina mbili za wanafunzi. Wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza kujifunza nje ya Kiingereza walinichosha kwa "kwa nini?" Kwa nini *kitabu kizuri* lakini *nyumba nzuri*? Kwa nini neno dogo limfuate kubwa kama mbwa? Kwa nini "mimi" siioni mbona mnasema iko? Wiki sita "kwa nini?", na baadhi yao wiki ya saba hawakurudi. Wale waliowahi kusoma lugha nyingine, hata waliyoisahau, hawakuuliza. Waliandika na kuendelea.

Wewe ukiwa na miaka 15 ulishakutana na *hablo*, ukaona mtendaji amejificha ndani ya kitenzi. Ulipofika kwenye *ninasema* hukushangaa, sivyo? Ulishakutana na *libros rojos*, ambapo sifa inavaa nguo za nomino yake. *Vitabu vyekundu* vikaja kama ndugu yake. (Ndiyo sababu nimekuonea kidogo kwenye hivyo vitabu vyako, ulishakijua kitu hicho kwa Kihispania.) Kihispania chenyewe kimeondoka, sikatai. Lakini kilipokuwa kinaondoka hakikufunga mlango.

Na usijilaumu kwa mwendo. Ile taasisi niliyomtajia Mama wa Leicester inakipa Kiswahili wiki 36 za masomo ya kutwa, kama saa 830. Kijapani kinapewa 2,200. Piga hesabu ya saa zako za chuo uone uko wapi, kabla ya kuona aibu.

Kuhusu rafiki zako wanaosema watu wasubiri wakue: mtu mzima anajifunza haraka kuliko wanavyomdhania, tena kwa saa moja ya darasani mara nyingi humshinda mtoto mdogo. Tatizo hana hiyo saa. Katika miaka yangu saba ya darasa la jioni, watu hawakuacha kwa sababu ya ugumu. Waliacha kwa sababu ya zamu, ya mama mgonjwa, ya mtoto aliyezaliwa. Mtoto wa shule ameketi darasani tayari, na hana pa kwenda.

Bibi, samahani, simu yangu inatafsiri lugha zaidi ya mia moja tena kwa sauti. Kwa nini watoto wa Kizungu wapotezewe muda?
*Kijana wa Simu*

Hata salamu, kijana? Haya.

Ninayo na mimi simu hiyo, naitumia. Nikipata dawa yenye maelezo ya Kijerumani naielekezea kamera na kusoma. Ni kitu kizuri, wala sitajifanya mtu wa zamani.

Lakini nikusimulie. Kwenye darasa la jioni alikuwepo bwana mmoja, mhandisi mstaafu, ambaye simu haikutoka mkononi. Kila neno nililosema aliipa kwanza. Jioni moja alikuwa akipanda ngazi na trei ya vikombe vya chai vya darasa zima, akajikwaa, chai ikamwagika, goti likagonga ukingo. Nikasema, "Pole!" Akakaa pale pale kwenye ngazi, suruali imelowa, akaiuliza simu. Simu ikampa neno la Kiingereza ambalo kwao ni la mtu anayeomba radhi. Akanitazama kwa huruma kabisa akaniambia, "Hapana, Mwalimu, si kosa lako."

Somo la siku ile lilikuwa la wakati uliopita. Halikufundishwa. Dakika 40 tulikaa na neno *pole*: kwamba halina kosa ndani yake, kwamba unaweza kumpa mtu anayetoka kazini, anayefua, aliyefiwa, aliyejikwaa, anayesoma kwa ajili ya mtihani. Mhandisi akabishana. Alitaka neno moja la Kiingereza lenye kulitosha, na akakasirika kidogo alipolikosa. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi maisha yake yote akasema angelipenda kuwa nalo hospitalini miaka 30 iliyopita.

Wiki mbili baadaye yule mhandisi akaingia amechelewa, mvua imempiga kuanzia kofia hadi viatu. Kabla sijafungua mdomo, darasa zima likamwambia, "Pole!" Akavua kofia, akaikung'uta mlangoni, akajibu, "Nimeshapoa."

Hilo sikuwafundisha. Mpaka leo sijui alilitoa wapi.